Mkate Uliobaki Mezani

4 Februari

Kaka yangu Mwalimu,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, ukiacha uchovu, na siku hizi uchovu siuiti tena ugonjwa. Mwezi wa kwanza wote nimeshona sare za shule mpaka nikiona kitambaa cha buluu nataka kulia. Cherehani nayo imeanza kuruka nyuzi, sijui imeniiga mimi. Shemeji yako yuko mpakani na lori lake, wamepangwa foleni kama kuku sokoni. Binti yangu ameingia kidato cha pili, anakusalimu, anasema mjomba umsahau siku zote lakini usimsahau siku ya kufungua shule.

Baba yuko vilevile. Upande wa kulia haujarudi wala sauti haijarudi. Kila kitu kwake ni "ba". Maji ni "ba", choo ni "ba", redio ni "ba". Nimeshazijua zote kwa mlio. Asubuhi namwosha, namgeuza, namlisha uji, ndipo naketi kushona.

Sasa nililotaka kukuuliza. Ningepiga simu, lakini nyumba yetu unaijua, kati yangu na yeye kuna pazia tu, na masikio yake hayakupata kiharusi.

Unajua kwamba mimi ndiye ninayeandaa Meza ya Bwana. Naosha vikombe, napiga pasi kitambaa cheupe, nakata mkate vipande vidogo vya mraba. Ukibaki, desturi yetu unaikumbuka: hautupwi, wala hawapewi kuku. Mwandaaji anaufunga kwenye kitambaa, anakwenda kuula kwake kimyakimya. Jumapili iliyopita nilirudi miguu inawaka moto, jiko limezimika, na yeye analia njaa. Nikachukua ule mkate, nikauloweka kwenye chai usije ukamkwama, nikaanza kumlisha kwa kijiko.

Kijiko cha kwanza akameza. Cha pili akakitazama. Akaviona vile vipande vya mraba. Kaka, akavua kofia. Ile kofia ya sufu anayolala nayo, akaivua kwa mkono wa kushoto, akaiweka kifuani, akafungua kinywa. Machozi yanamtoka, na mimi nimesimama na kijiko kama mtu aliyekamatwa akiiba.

Ndipo nikakumbuka ninayemlisha ni nani. Ni mtu aliyetengwa na Meza tangu siku ile aliyokwenda kununua vanishi akahamia kwa yule mwanamke mwenye duka la rangi. Tangu alipoturudia hajatubu mbele ya ushirika. Alipokuwa bado na miguu alikuja kila Jumapili, akaketi benchi la nyuma wanakokaa waliotengwa, benchi alilolichonga mwenyewe, akitazama mbele kwenye meza aliyoichonga mwenyewe, mkate na kikombe vikimpita bila kumgusa.

Swali langu ni hili. Paulo anawaonya Wakorintho kwamba anayekula isivyostahili anakula hukumu. Je, nimemlisha baba hukumu kwa kijiko, kwa sababu tu nilichoka kuwasha jiko? Wewe unafundisha wainjilisti, nijibu. Lakini nijibu kwa Kiswahili cha jikoni, usinijibu cha ubaoni.

Mdogo wako,
Sindano


25 Februari

Mpendwa Sindano,

Asante kwa barua, na pole kwa buluu. Hapa chuoni sote tuko salama. Wifi yako amepata ahueni ya mgongo, kijana wetu mkubwa ameota ndevu nne na anataka tuziheshimu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mitihani. Wanafunzi wa mwaka huu wanaandika sana na kusoma kidogo, kwa hiyo kusahihisha ni kama kupepeta mchele wenye mawe.

Swali lako ni zuri, na jibu lake lisikukoseshe usingizi. Katika mafundisho ya kanisa letu, mkate uliobaki baada ya ibada ni mkate. Kristo yuko pamoja na watu wake wanaokusanyika, wanaokumbuka, wanaoamini. Hafungwi kwenye kitambaa akaenda kabatini. Kwa hiyo mgonjwa alikula mkate na chai, basi.

Na kuhusu Wakorintho: watu wengi wanamsoma Paulo vibaya hapo, hata wachungaji. Hakuwa anawatisha wadhaifu wajichunguze mpaka wakimbie. Alikuwa anawakemea walioshiba, waliokuja mapema wakala na kunywa, wakawaacha wenye njaa wakiwatazama. Kula isivyostahili ni kula huku umempa ndugu yako kisogo. Wewe ulikuwa unamlisha mwenye njaa. Kama kuna mtu yuko mbali na hukumu ile ni wewe na kijiko chako.

Mpe pole mgonjwa. Mwambie binti yako mjomba hajasahau.

Kaka yako


17 Machi

Kaka Mwalimu,

Salamu kwa wote. Zifurahie ndevu za kijana wako, zitaongezeka, na maneno yatapungua. Sisi tupo. Cherehani imetengenezwa, sasa inaruka mguu, yaani kanyagio linakwama. Shemeji yako alikuja akalala siku mbili mfululizo, akaondoka. Nilimwonea wivu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Imenipoza, asante. Lakini nina maneno mawili. La kwanza, umejaza kurasa na neno "baba" halimo. Umeandika "mgonjwa", kama vile naandikiana na daktari wa zamu. La pili, kama ulikuwa mkate na chai tu, yeye alikuwa analilia nini?

Maana hajaacha. Kila Jumapili nikirudi kanisani, ananitazama mikononi kabla ya kunitazama usoni. Anatafuta kile kitambaa. Nisipokuwa nacho anageukia ukutani, na kwa mwili ule kugeukia ukutani ni kazi ya kutoa jasho.

Nikaenda kwa mchungaji. Amenisikiliza vizuri, kijana yule ana moyo. Amesema aliyetengwa anarudi kwa kutubu kwa kinywa chake mbele ya ushirika. Asiyeweza kusema, desturi inaruhusu mmoja wa aliowakosea asimame badala yake, aseme kwa sauti: "Tumemsamehe, mpokeeni." Kwa kawaida angekuwa mama. Mama hayupo. Wazee wa kanisa wamekaa, wamesema asimame mtoto wake wa kwanza. Ndiwe wewe.

Daktari amemsikiliza kifua, hakupenda alichosikia. Amesema pigo la pili likija halitabisha hodi. Meza yetu ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Wa nne utakuwa mapema kwako, najua, nakuomba wa tano. Ni sentensi moja tu, Kaka. Wewe unasema maelfu kwa wiki.

Sindano


20 Aprili

Mpendwa Sindano,

Amani iwe kwenu. Huku mvua imekata barabara mara mbili, na mwezi wa tano tuna mahafali, nami ndiye ninayeshughulikia viti, maturubai na mahubiri. Wifi yako anasema nikuandikie ukweli, niache maturubai. Basi.

Somo la msamaha nalifundisha kila muhula. Nalifundisha vizuri, si kwa kujisifu. Nachora duara mbili ubaoni, moja naiita kusamehe, nyingine kupatana. Nawaambia: kusamehe kunaweza kufanywa na mtu mmoja peke yake, kupatana kunahitaji wawili, na yule mkosaji lazima ageuke. Wanafunzi wanaandika. Wengine wanalia. Kengele ikilia nafuta ubao nakwenda kunywa chai.

Yeye aligeuka lini? Nakuuliza wewe unayeishi naye. Kabla ya kiharusi alikaa karibu mwaka mzima na ulimi wake mzima. Alikula kwako, alirekebisha mlango wako, alikaa benchi la nyuma kama abiria. Alikusemesha juu ya mama hata siku moja? Mimi alinipigia simu akaniuliza bei ya mbao huku kwetu. Bei ya mbao, Sindano! Mtu amekwenda kununua vanishi akarudi baada ya ujana wetu wote kwisha, na hata hiyo vanishi hakuja nayo, halafu anauliza mbao.

Siwezi kusimama mbele ya Mungu na watu niseme "tumemsamehe" wakati moyoni hamna. Huo ni uongo, na uongo mbele ya Meza ni mbaya kuliko benchi la nyuma. Hilo ndilo neno langu kama mwalimu na kama mtoto wake.

Nilimpigia mchungaji wenu nimweleze hivyo kwa heshima. Akanishangaa. Akaniambia wazee hawakusema mtoto wa kwanza. Walisema mtoto wake yeyote.

Yeyote, Sindano. Nawe unaishi nyuma ya kanisa, unasikia kengele ukiwa jikoni. Kwa nini ulinitafuta mimi?

Kaka yako


2 Mei

Kaka,

Salamu. Tu wazima. Leo sina habari za nyumbani za kutanguliza.

Umenishika, sawa. Wazee walisema yeyote, nami nikaandika wa kwanza. Nilitaka useme wewe kwa sababu mimi siwezi.

Watu hapa wananiita mfano wa kuigwa. Kina mama wa kwaya wakija kumwona wanatazama shuka zilivyo nyeupe, wananiambia taji langu liko mbinguni linanisubiri. Hawajui naziosha vipi. Namwosha kwa hasira, Kaka. Sabuni inajua. Namsugua mgongo nikikumbuka mama akiwa amekalia cherehani hiihii, akishona vya watu, sisi tukivaa viraka. Namgeuza upande, moyoni namwambia, ungegeuka mapema ungegeuzwa kwa upole. Namlisha, namfuta mdomo, namfunika, na neno moja la msamaha halinitoki. Nimejaribu nikiwa peke yangu na ndoo. Linafika hapa kooni, linarudi.

Umeniandikia niko mbali na hukumu. Nilicheka. Kuna na jingine juu ya hilo, lakini hilo sikuandikii.

Uliuliza aligeuka lini. Sijui. Juu ya mama hakusema kitu. Lakini mlango aliorekebisha ni wa chumba alichofia mama, na alipomaliza aliketi kizingitini mpaka chai ikapoa, nami sikumwita. Pengine alikuwa anatafuta pa kuanzia. Pengine alikuwa amechoka tu. Sasa hata akitaka kuniambia ana "ba" pekee, nami nimezijua zote isipokuwa hiyo moja.

Mwezi huu nimemwomba mchungaji tuahirishe. Jumapili ya kwanza ya Juni ndiyo ya mwisho ninayoithubutu, kifua chake kinakoroma kama sufuria. Njoo tusimame wawili. Nikishindwa mimi utanishika, ukishindwa wewe nitakushika. Labda nusu yako na nusu yangu zitatosha hiyo sentensi moja.

Sindano


19 Mei

Mpendwa mdogo wangu,

Nimeipokea. Wifi yako pia ameisoma, samahani, aliinyakua. Amelia, kisha akanifulia shati jeupe bila kuniuliza kama ninakuja.

Ninakuja. Nitapanda basi la Ijumaa ya kabla ya Juni mosi ya Meza yenu, Jumamosi niko kwako. Niwekee mkeka sebuleni.

Nimefikiri juu ya zile duara zangu mbili. Mwanafunzi mmoja, mama mtu mzima, aliniuliza darasani: Mwalimu, huyo anayesamehe anatakiwa asikie nini moyoni? Nilimjibu haraka kwamba msamaha si hisia, ni uamuzi wa kutua mzigo ambao una haki ya kuubeba. Jibu sahihi kabisa. Nimerudi nalo nyumbani limenikaa kama jiwe kiatuni, kwa sababu mimi mzigo huu nimeuzoea, sijui nitatembeaje bila huo.

Na nikuambie jambo moja. Siogopi sana kusema ile sentensi. Naogopa kumwona. Kichwani mwangu bado ni yule mtu mrefu mwenye penseli sikioni. Huyo naweza kumkasirikia. Huyo wa "ba" nitamfanya nini?

Tutaonana.

Kaka yako


9 Juni

Kaka,

Salamu kwa wifi na watoto.

Ijumaa nilipiga deki sebule. Jumamosi nilikwenda kituo cha mabasi, nikasubiri mpaka wauza maji wakaanza kuniuliza nimempoteza nani. Nikarudi. Baba akanitazama nyuma ya bega kuona nimekuja na nani, maana niliropoka asubuhi kwamba unakuja. Nikamwambia basi limeharibika. Ni uongo wangu huo, ulionitoka kirahisi kuliko kumwambia kwamba hukuja.

Jumapili nilimvalisha. Vijana wawili wa kwaya walimbeba kwenye kiti mpaka ndani. Walitaka kumweka nyuma, kwa mazoea. Nikawaambia mbele. Nilikuwa nimekwisha andaa kila kitu, vikombe na mkate, kwa hiyo niliketi naye nikisikiliza mlango kila wimbo. Mlango haukufunguka.

Mchungaji akauliza: nani anasimama badala ya mzee huyu? Nilikaa. Akauliza tena, akinitazama kwa huruma. Nikasimama. Ile sentensi niliitafuta, sikuiona. Nikasema hivi, nakuandikia kama ilivyotoka: "Huyu ni baba yetu. Alituacha. Namwosha kila asubuhi na bado nina hasira. Sijui kama nimemsamehe. Nikingoja mpaka nijue, atakufa na njaa. Mpeni mkate."

Mzee mmoja akakohoa, akasema si hayo maneno yanayotakiwa. Mchungaji akamjibu taratibu, "Ndiyo yaliyopo," akachukua sahani akashuka.

Baba alivua kofia. Alichukua kipande chake kwa ule mkono wa kushoto, wala hakukila. Wale vijana wakamsogeza karibu zaidi na meza, wakidhani kimemshinda. Akakiweka kwenye ukingo wa ile meza yake, akakibonyeza kwa kidole gumba mpaka kikakatika vipande viwili. Kimoja akakitia mdomoni. Kimoja akaninyooshea mimi. Akasema "ba".

Sasa nikuambie lile nililokataa kukuandikia. Tangu baba aliporudi mimi sijala kwenye Meza. Naandaa, nakata, nagawa vikombe, naosha, lakini sili. Yesu alisema ukikumbuka kuna neno kati yako na ndugu yako uache sadaka yako ukapatane naye kwanza, nami neno ninalo kila asubuhi na ndoo. Kwa hiyo nimekuwa nikipita. Hakuna aliyejua. Mwandaaji anakula wa mwisho, na wakati huo watu wanatafuta viatu vya watoto. Hata ule mkate wa kitambaani nilikuwa naurudisha nyumbani nakaa nao, nashindwa kuula, nashindwa kuutupa. Ndiyo maana siku ile ulikuwepo wa kumlisha.

Yeye alijua. Mwaka ule wote kwenye benchi la nyuma, alikuwa ananiona napita bila kula. Hakuna mwingine kanisani aliyekuwa na nafasi ya kuona, ila mtu ambaye naye hali.

Nikapokea. Nikala. Sikusikia chochote cha ajabu, kama unataka kujua kwa ajili ya darasa lako. Nilisikia njaa. Nilirudi nyumbani nikapika, tukala wote, nikalala mchana kama shemeji yako.

Leo asubuhi nimemwosha. Hasira ilikuwepo, lakini ilikaa pembeni. Ameanza kukataa uji. Sikulaumu, Kaka, sina nguvu ya kukulaumu. Ila kila Jumatano ni siku ya kubadilisha godoro, na mtu mmoja hamwezi. Usije kusema neno lolote. Njoo ushike upande wa miguu.

Sindano


16 Juni

Sindano,

Wanangu hawajambo, wifi yako hajambo, mimi ndiye mwenye shida.

Basi halikuharibika. Nilifika kituoni na shati jeupe. Nikakata tiketi, nikakaa kwenye benchi, nikatazama abiria wakipanda, kondakta akaniita mara tatu kwa kunionyesha kidole. Basi likaondoka na kiti changu. Nikabaki pale na begi mpaka waliofagia kituo wakanifagia miguuni. Nyumbani nikasema barabara imekatika. Wifi yako akatazama viatu vyangu, havina hata tope.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Kisha nikamsomea yeye. Kisha nikaenda darasani, ilikuwa zamu ya somo lile. Nikachora duara moja, chaki ikanikatikia mkononi. Nikawaambia wanafunzi waende, nitawafundisha nikirudi.

Sijui nitamwambia nini baba. Nimeandika neno hilo, umeliona.

Nakuja na basi la kesho, kwa hiyo huenda nikakufikia kabla ya barua hii, uicheke baadaye. Safari hii wifi yako anakuja nami mpaka kituoni. Amesema hataki kuniaga. Atasimama mlangoni mwa basi mpaka liondoke, anione nimo ndani. Mwambie baba Jumatano nitashika upande wa miguu.

Kaka yako